Dawa ya Nguzo Ikimwagika: Kwa Vijana Wanaoanza Kazi Viwandani Mafinga

Kila mwaka, mvua za Novemba zinapokaribia, viwanda vya kutia dawa nguzo za umeme hapa Mafinga hupokea vijana wapya kutoka vyuoni. Ninawaandikia baada ya miaka 14 ya kusimamia mitambo hiyo, kwa sababu mafunzo ya siku ya kwanza huhusu ngozi na mapafu yenu, nayo ni haki yenu, lakini mara nyingi hayagusi maji yaliyo chini ya sakafu mnayosimama, ambayo watu wa bondeni huyachota na kuyanywa.

Dawa inayosukumwa kwa shinikizo ndani ya nguzo za mlingoti ni CCA, yaani mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki. Lita moja ya dawa iliyokwisha kuchanganywa kwa asilimia 3 hubeba zaidi ya gramu 6 za arseniki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za arseniki kwa lita moja ya maji ya kunywa, na kwa hiyo lita hiyo moja inatosha kufikisha kwenye kikomo zaidi ya lita 600,000 za maji. Mtu akiwaambia kwamba kilichomwagika ni kidogo, mrudieni kwa hesabu hiyo.

Katika mwaka wangu wa pili kazini, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja, koki ya tangi la kuchanganyia haikufungwa sawasawa na zamu ya usiku. Asubuhi tuliikuta dawa imetandaa hadi ukingo wa sakafu, na kwa kuwa wakaguzi walitarajiwa siku hiyo, tulivuta mpira wa maji tukaosha mpaka zege likang'aa. Sehemu ya maji yale iliingia kwenye ufa mwembamba kama unene wa ukucha, na iliyobaki ikashuka na mfereji hadi juu kidogo ya kisima kifupi cha majirani. Siku ya nne alipanda mama mmoja anayelima vinyungu kule bondeni, akiwa na kidumu cha lita tano. Alinikabidhi akisema, "Mwanangu, maji yetu yamegeuka njano. Mmemwaga nini huku juu?" Niliyainua yale maji kwenye mwanga wa jua, nikakosa la kumjibu. Rangi ile ilikuwa ya kromiamu, na bila hiyo mama yule asingepanda kilima, kwa sababu arseniki haina rangi, harufu wala ladha.

Kwa hiyo, dawa ikimwagika, msiimwagie maji. Maji huiongezea ujazo na kuipa njia ya kufika mahali ambapo yenyewe isingefika. Mwenye glavu, buti na kinga ya macho afunge koki au asimamishe pampu, mwingine azibe mfereji kwa mifuko ya mchanga, kisha dawa izungushiwe mchanga mkavu kuanzia pembeni kuelekea katikati, izolewe na kuwekwa kwenye mapipa yenye mifuniko na maandishi. Mafinga vumbi la mbao limejaa kila kona na mkono hulikimbilia upesi, lakini msilitumie kwenye dawa nzito ambayo haijachanganywa, kwa maana kromiamu iliyomo inaweza kuliwasha moto. Udongo uliolowa nao uchimbwe siku hiyo hiyo, kabla ya mvua ya jioni.

Hata hivyo, kwa uzoefu wangu, visima huharibiwa zaidi na matone kuliko ajali. Nguzo ikitoka kwenye silinda ya kutilia dawa huendelea kudondosha, na dawa huhitaji muda ili ijifunge ndani ya mti, muda ambao hutegemea joto. Kwenye nyuzi 20 kazi hiyo huweza kukamilika kwa takriban wiki mbili, lakini katika baridi yetu ya Juni na Julai huchukua muda mrefu zaidi. Hapo ndipo shinikizo la wateja huwa kubwa, nguzo zikaburutwa mapema kutoka kwenye sakafu yenye paa hadi kwenye udongo mtupu. Kataeni kwa heshima, na mwandike kwenye daftari kwamba mmekataa.

Ukuta unaozunguka matangi uweze kubeba angalau asilimia 110 ya ujazo wa tangi kubwa kuliko yote, na uwe chini ya paa. Mvua ya milimita 25 ikinyesha kwenye eneo la wazi la mita za mraba 200 ndani ya ukuta huo huleta lita 5,000, na usiku huo mtu atashawishika kufungua vali ya kutolea maji.

Udongo wetu mwekundu una chuma, nao hushika sehemu ya arseniki, jambo linalowafanya baadhi ya wazoefu waamini kwamba ardhi itatusafishia. Kromiamu ya aina ya sita, ambayo ndiyo iliyomo kwenye dawa hii, hushikwa kwa udhaifu zaidi, husafiri na maji, na chini ya udongo huo kuna miamba yenye nyufa ambayo haichuji chochote. Kiwanda kinahitaji visima vitatu vya uchunguzi kwa uchache, kimoja upande wa juu na viwili upande wa bonde, kwa sababu kimo cha uso wa maji katika visima vitatu ndicho kinachoonyesha mwelekeo wa mtiririko. Mnapochukua sampuli, anzeni na kisima kilicho safi zaidi. Chupa ya kupimia kromiamu ya aina ya sita isitiwe asidi, kwa kuwa asidi huibadilisha na majibu yakaja ya uongo. Iwekwe kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 24.

Taarifa ya dawa kumwagika iende NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iliyopo Iringa siku ile ile, hata kama meneja anaona tusubiri. Kabla ya barua hizo, mmoja wenu ateremke bondeni kwa miguu, awaambie wanaochota maji wasitishe, na gari la maji safi liwafuate nyuma yake mpaka majibu ya maabara yarudi.