Re: Domeni na hosting, kampuni moja au mbili?

Ndugu, umeuliza kama ununue domeni (jina la tovuti, kama mfano.com) na nafasi ya kuweka tovuti (hosting) kwa kampuni moja. Mimi huvitenganisha: ukichoshwa na mwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), unabadilisha seva za majina, zile zinazoelekeza domeni kwenye seva yake, ndani ya akaunti ya domeni, basi. Lakini kubwa zaidi, akaunti hiyo usiifungue kwa barua pepe ya domeni hiyo hiyo. Domeni yangu iliisha muda, barua pepe ikazimika nayo, na kiungo cha kubadili nywila kikawa kinatumwa huko huko! Siku hiyo nilijiona mjinga kweli. Domeni ya .com unaweza kuilipia hadi miaka 10 kwa mkupuo. Kuhamia msajili mwingine (kampuni inayosajili domeni), kwa kawaida subiri siku 60 tangu uisajili, kisha ondoa kufuli linalozuia domeni kuhamishwa na uombe msimbo wa uhamisho.