R4, DSTWO au EZ-Flash Omega kwa DS Lite? Jibu kutoka Mtwara

Mkuu wa Masasi, umeuliza DS Lite (kile kigemu cha mkononi cha Nintendo) uliyoachiwa na kaka yako uinunulie kaseti ipi ya flashi, yaani ile inayofungua gemu zilizo kwenye memori kadi, kati ya R4, DSTWO na EZ-Flash Omega. Zote tatu zimepita mikononi mwangu hapa Mtwara mjini. Chukua R4, chenji inayobaki nunulia memori kadi ya maana.

Omega iondoe kabisa kwenye mashindano. Ile ni kaseti ya Game Boy Advance (GBA), kigemu cha Nintendo cha kabla ya DS, inakaa sloti ya chini na haifungui gemu za DS hata moja. Kama roho yako iko kwenye gemu za GBA ni nzuri sana, hasa toleo la DE ambalo sevu zake hazitegemei betri. Kwenye DS Lite itachomoza nje kidogo, usishtuke. Na siku ukihamia DSi au 3DS, matoleo yaliyofuata, sloti hiyo haipo.

DSTWO ndiyo ya wenye nazo. Ina prosesa yake ndani, kwa hiyo hata gemu za GBA na za SNES (Nintendo ya zamani ya kuchomeka kwenye TV) zinachezeka ukiwa umeichomeka sloti ya juu. Tatizo inakunywa chaji, na kwa umeme wetu huu unaokatika jioni utanuna. Halafu haitengenezwi tena. Utakayoipata ni ya mkononi, na bei ni ya kukomoa.

Sasa R4. Jina hili limekuwa kama Colgate, kila dawa ya meno dukani ni Colgate. Ile ya mwanzo ilisoma kadi za hadi GB 2 tu. Za siku hizi ni nakala za viwanda tofauti, nyingi zinasoma hadi GB 32, na kila moja inataka softwea yake. Kwa hiyo kabla hujatuma hela, mwambie muuzaji akupigie picha ya sitika ya mbele. Pale chini huwa pameandikwa anwani ya tovuti kwa herufi ndogo, na hiyo ndiyo inayokuambia ni R4 ya ukoo gani. Akikwepa kutuma picha, achana naye.

Kuna nakala ambazo softwea yake imetegeshewa tarehe. Ikifika, menyu inawaka vizuri ila gemu hazifunguki, na watu wanatupa kaseti nzima jalalani. Ingia mipangilio ya DS, rudisha mwaka nyuma, inafunguka. Shida watapata wachezaji wa gemu zinazofuata kalenda kama Animal Crossing. Baadhi ya nakala hizo zinakubali YSMenu, menyu iliyotengenezwa na watu wengine, badala ya softwea yake, hapo unasahau habari za tarehe.

Kwenye memori kadi ndiko watu wanakopigwa. Kadi imeandikwa GB 64, kompyuta nayo inakuonyesha 64, kumbe ndani ni 8. Gemu za mwanzo zinacheza bila shida, ukishaijaza ndiyo zinaanza kuganda katikati, na lawama zote zinaenda kwa R4. Kabla ya kuweka chochote ipime kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kama unatumia Linux: inaijaza kadi yote kisha inasoma ilichoandika. Ni kazi ya muda, iache iendelee wewe ukale. Ikipita, fomati FAT32, klasta (pale panapoandikwa "allocation unit size") za KB 32. GB 8 halisi inakutosha, maana gemu kubwa kabisa ya DS ni MB 512 na nyingi hazifiki hata nusu ya hapo.

Sisi wa pwani tuna pia upepo wa chumvi unaotia kutu zile pini za shaba za kaseti. Pamba na spiriti kidogo vinatosha. Nyie wa Masasi pambaneni na vumbi.

Kupata, agiza China au tafuta mtu Kariakoo akupakilie kwenye basi. Picha ya sitika ukiipata itupie hapa, nitakuambia softwea ipi ushushe.