Kabla ya kumwaga yurea kwenye klova, chimba uone mizizi

Klova ilipoanza kufifia kwenye malisho yangu nilidhani ni ugonjwa. Niko Uporoto, upande wa Rungwe, na ekari moja ya malisho: majani ya kikuyu yaliyochanganyika na klova nyeupe, ile yenye vijani vitatu vitatu ambayo wengi wetu tunaikanyaga njiani bila kuitazama. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza niliona kikuyu ina umanjano, nikanunua mfuko wa yurea (mbolea ya naitrojeni) wa kilo 50 nikaumwaga wote. Wiki ya tatu majani yalikuwa yamenifika magotini, kijani kimekolea. Nilifurahi mno, na mwezi Machi nikarudia. Msimu uliofuata klova naitafuta kwa kufunua majani kwa mikono, naikuta imebaki vikonyo vyembamba, vimepauka kwa kukosa mwanga.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani, mstaafu wa kazi za mifugo. Hakuanza na maneno. Alishika jembe, akachimba bonge pale klova ilipokuwa bado imesimama, akalitia kwenye ndoo ya maji mpaka udongo ukaachia. Mizizini kulikuwa na vinundu vidogo kama punje za ulezi. Akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kina wekundu wa nyama mbichi.

"Hiki kinafanya kazi," akasema. Tukaenda pale nilipomwaga yurea kwa wingi. Vinundu vya kuhesabu, na vingine ndani ni vyeupe. "Huku umewapa likizo, mwanangu."

Waliopewa likizo ni bakteria. Wanaishi ndani ya vinundu, wananasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea, na klova inawalipa kwa sukari. Malipo hayo ni makubwa. Kwa hiyo udongo ukiwa na naitrojeni ya bure, klova inachukua hiyo na kuacha kuwagharamia. Wakati huohuo nyasi, ambazo ni walafi wa naitrojeni kuliko klova, zinarefuka na kuifunika. Mfuko ule ulikuwa na kilo 23 za naitrojeni. Nilipata majani ya mwezi mmoja, nikapoteza mmea ambao ungenilisha udongo miaka.

Jambo moja linawakatisha tamaa wengi: klova haimpi jirani yake mbolea papo hapo. Sehemu kubwa ya naitrojeni yake inafika kwenye nyasi pale majani, vikonyo na mizizi ya zamani inapooza, au inapopitia tumboni mwa ng'ombe na kurudi kama mkojo na kinyesi. Mwaka wa kwanza usitegemee maajabu. Na hapa sisi tunaofuga ndani muda mwingi tunajiumiza, maana tunakata majani, tunayapeleka bandani, halafu samadi yote inaishia kwenye viazi na migomba. Malisho yanatoa tu, hayarudishiwi. Mkojo na samadi vina potasiamu pia, na klova ikigombania potasiamu na nyasi huwa inashindwa. Siku hizi theluthi ya samadi yangu inarudi kwenye malisho, hata mke wangu akilalamikia viazi.

Klova inachodai hasa ni fosforasi na udongo usio na tindikali kali. Mahali udongo ni mchachu, weka chokaa, na fosfeti ya Minjingu (mbolea ya fosforasi ya mawe yaliyosagwa) inafaa maana tindikali yenyewe inasaidia kuiyeyusha. Kisha mwanga: kata au lisha mapema, kabla nyasi hazijaifunika klova.

Sisemi yurea itupwe. Mvua zikianza na nyasi ni za njano kabisa, mimi naweka nusu mfuko kwa ekari, mara moja tu, siku ambayo mvua inakaribia, kwa sababu ikikaa juu ya udongo juani nyingi inapotea hewani. Baada ya hapo nasubiri wiki tatu hivi ndipo nilishe, kwa sababu majani yaliyotoka kuwekewa yurea yanaweza kuwa na naitreti nyingi, ambayo ni sumu kwa ng'ombe. Na mfuko wenyewe uweke mbali na ng'ombe. Akiilamba yurea ya kutosha anakufa.

Nikitupa jicho, nataka theluthi ya malisho iwe klova. Ikizidi nusu, hatari ni tumbo kujaa gesi, hasa ng'ombe mwenye njaa akiingia asubuhi kwenye klova changa yenye umande. Mtamba wangu nusura afe hivyo. Sasa hawaingii kabla hawajala majani makavu.

Klova ilianza kurudi kona ya chini, karibu na mfereji. Inatambaa yenyewe, vikonyo vikitoa mizizi kila kifundo. Juzi nimeipima kwa miguu: imeshaingia hatua nne ndani ya kikuyu, na nilipochimba, vinundu ni vyekundu.