Mistari ya uwanja inabanduka

SWALI: Uwanja wa kikapu wa chuo chetu hapa Tanga uko karibu na bahari. Tunaupaka rangi kila mwaka, mistari inabanduka. Tumeuziwa rangi mbovu?
Msomaji, Raskazone

JIBU: Mara nyingi mkosaji ni chumvi. Upepo wa bahari huiacha kwenye zege, nayo hunyonya unyevu na kuinua rangi kutoka chini. Sugueni kwa brashi ya waya, mwoshe kwa maji ya bomba, mwache pakauke kabisa. Masika msiguse kopo! Zege jipya lisubiri siku 28. Mstari uwe na upana wa sentimita 5. Ringi zenye kutu (nazo hamkuziuliza) zipigwe msasa, rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta. Mkizirudisha, mpime mita 3.05 kutoka sakafuni.