Vitabu vya kuchekesha kuhusu Wafaransa: shida si wewe, mkuu

Mkuu, umeuliza kama una kasoro kwa sababu umefika katikati ya A Year in Provence na hujacheka hata mara moja, wakati kila mtu anakiita kitabu cha kuchekesha kuliko vyote kuhusu Ufaransa. Na Septemba unaenda Lyon kusoma, unataka vitabu vingine vya kukuandaa. Kasoro huna. Nimeishi Lyon miaka kadhaa, mitaa ya Guillotière, na vitabu vya aina hiyo nimevisoma vingi nikiwa kulekule. Nadhani najua kinachokukwamisha.

Kitabu cha Peter Mayle kilitoka 1989. Mwingereza aliyekuwa kwenye kazi ya matangazo ya biashara ananunua nyumba ya mawe Ménerbes, kusini, anasimulia mwaka wake wa kwanza mwezi kwa mwezi. Kichekesho chake kikubwa ni mafundi. Wanakuja, wanabomoa ukuta, wanaacha vifusi, wanapotea, wakirudi wana sababu nzuri kabisa. Mwisho mke wa Mayle anapata akili ya kuwaalika kwenye sherehe ya kabla ya Krismasi pamoja na wake zao, ili kila mama ajionee kazi ambayo mumewe ameiacha kiporo. Mwingereza akifika hapo mbavu hana. Sasa wewe uliyejenga Chanika, uliyepigiwa simu na fundi saa moja asubuhi, "bosi nipo njiani", ukaja kumwona wiki inayofuata na tena anaomba ya nauli, utacheka nini hapo? Unasoma matatizo yako mwenyewe yakiwa yameandikwa kwa Kiingereza kizuri.

Na si mafundi tu. Chukua chakula. Waandishi wa Kiingereza na Kimarekani wakikosa la kusema kuhusu Mfaransa, wanasema anakula utumbo, ulimi, figo na kongosho, halafu wanasubiri ushtuke. Kuna familia moja ilinialika chakula cha mchana Jumapili, huko Beaujolais, kaskazini ya Lyon. Mezani ikaja andouillette, soseji iliyojazwa utumbo, harufu yake inatangulia sahani. Meza nzima ikanyamaza kunitazama. Nadhani walishawahi kumkaribisha Mmarekani. Mimi niliyekulia supu ya utumbo na makongoro ya stendi nikala yangu, nikaongezwa, nikala tena. Kilichozua balaa ni pale nilipouliza kama kuna ndimu na pilipili. Bibi wa nyumba aliweka uma chini, akamwangalia mwanawe, akaniuliza taratibu kama mchuzi wake wa haradali una ubaya gani. Kikao kikahamia kwenye haradali, kutoka hapo wakaanza kubishana Jumapili ijayo wale nini, na hapo jibini ilikuwa bado haijaletwa. Huyo ndiye Mfaransa wa kuchekesha ninayemjua mimi: anakula huku anajadili mlo mwingine.

Salamu vilevile. Vitabu vingi vinaweka kioja kwamba ukiingia dukani Ufaransa bila kusema bonjour unakiona cha moto. Ni kweli. Kwenye duka la mikate karibu na kwangu, jamaa mmoja aliingia, akanyoosha kidole, "baguette mbili." Mama muuzaji akamjibu "Bonjour, monsieur." Jamaa akarudia baguette mbili. Mama akarudia bonjour, sauti imepanda kidogo, mikono kiunoni. Foleni nyuma imetulia tuli. Alipewa mikate baada ya kusalimia. Mimi nilitamani nimpigie yule mama makofi, maana kwetu Tanga angesutwa zaidi ya hapo. Kwa msomaji wa London ni kituko, kwetu ni adabu ya kawaida.

Hata makaratasi, ambayo kila kitabu kina sura yake, hayatatushangaza sana. Benki inataka uthibitisho wa makazi, mwenye nyumba anataka akaunti ya benki. Tumezoea barua ya mtendaji wa mtaa. Kule barua ya mtendaji ni bili ya umeme. Kama umefikia kwa mtu, mwenyeji wako anaandika barua kwamba unakaa kwake, anaweka kopi ya kitambulisho chake na bili yake juu. Mimi kuna ofisi moja iliirudisha faili yangu kwa kuwa bili ilishapitiliza miezi mitatu. Fungua faili mapema, toa kopi ya kila kitu, usitupe karatasi yoyote.

Kwa hiyo vitabu vya kukufaa ni vile ambavyo anayecheka amesimama upande wetu, au anajicheka mwenyewe.

Cha kwanza, na kwangu ndicho mfalme wao: Un nègre à Paris cha Bernard Dadié wa Ivory Coast, kilichotoka 1959, mwaka mmoja kabla nchi yake haijapata uhuru. Msimulizi, Tanhoé Bertin, anapata tiketi ya kwenda Paris, na kitabu kizima ni barua ndefu kwa rafiki yake. Kumbuka enzi hizo wazungu ndio waliokuwa wakija kwetu na madaftari kuandika mila za makabila. Dadié kaligeuza daftari. Watu wa Paris anawaandika kama kabila jipya alilolifikia: mwendo wao wa kukimbia, metro yao, mapenzi yao ya hadharani, wafalme wao wa kale. Hatukani, hapandishi sauti, anajifanya anashangaa tu kwa heshima zote, na hapo ndipo sindano inapoingia. Kama Kifaransa bado, kuna tafsiri ya Kiingereza, An African in Paris.

Ukikimaliza hicho, mtafute Alain Mabanckou wa Pointe-Noire, Congo-Brazzaville, Black Bazar, 2009. Msimulizi ni Mkongo mtanashati, wale wa suti na viatu vya bei mbaya, anaishi Paris, anashinda baa moja na wenzake wakibishana. Ana jirani kutoka Martinique, kisiwa cha Ufaransa huko Karibi, mweusi kama yeye, ambaye kazi yake ni kumkashifu na kuusifia ukoloni. Utacheka halafu utajiuliza kama ulitakiwa kucheka. Lugha yake ni ya kijiweni, usimsomee mama mkwe.

Wa kujicheka mwenyewe ni David Sedaris, Mmarekani, Me Talk Pretty One Day, 2000. Soma nusu ya pili, anapohamia Ufaransa na kuingia darasa la Kifaransa chini ya mwalimu mkali ambaye anawavua nguo kwa maneno. Kuna kisa ambapo mwanafunzi kutoka Morocco anauliza Pasaka ni nini, na darasa zima, watu wa mataifa mbalimbali, wanajaribu kumweleza habari za Yesu kwa Kifaransa cha kuokoteza. Kisha Sedaris anasema chokoleti za watoto huletwa na sungura, mwalimu anamkatalia, Ufaransa zinaletwa na kengele inayoruka kutoka Roma. Ni imani yao kweli, watoto wanaambiwa hivyo. Wewe utakayekaa kwenye madarasa hayo, kisa hiki kitakufaa kuliko kamusi.

Kama unataka Wafaransa wakijicheka wenyewe, kuna Clochemerle cha Gabriel Chevallier, 1934. Meya wa kijiji cha Beaujolais anataka kuonyesha maendeleo, anajenga choo cha wanaume cha kukojolea, tena jirani na kanisa. Kijiji kinagawanyika, wa meya huku, wa padri kule, mambo yanakua mpaka jeshi linaingia. Ukishawahi kuhudhuria kikao cha kijiji kuhusu mradi wowote, hapo hutahitaji maelezo. Watu wa Vaux-en-Beaujolais wanasema kijiji cha kitabuni ni chao na wana choo cha kuwaonyesha wageni. Wenyeji wangu wa andouillette walinipeleka, wakanipiga picha mbele yake kwa fahari kabisa.

A Year in the Merde cha Stephen Clarke, 2004, utapendekezewa na wengi. Kijana wa Kiingereza analetwa Paris kufungua migahawa ya chai. Kuhusu ofisini yuko sahihi, na kuanza hadithi Septemba ni akili, kwa sababu mwaka wa Mfaransa kweli unaanza Septemba watu wakirudi likizo. Ila nusu ya kitabu ni kufukuzia wanawake na kukanyaga kinyesi cha mbwa, inachosha. Pierre Daninos, Les Carnets du Major Thompson, 1954, ni bora: Mfaransa anayejifanya ofisa wa Kiingereza ili awaseme Wafaransa wenzake, wanavyopeana mikono kutwa na wanavyoendesha magari. Kimezeeka kidogo.

Jambo moja ambalo sijaliona kitabuni likiandikwa linavyostahili ni mgomo. Usitarajie vurugu. Tangazo linatolewa kabla ya siku yenyewe: siku fulani mgomo, itatembea treni moja kati ya tatu. Siku ikifika, kweli inatembea moja kati ya tatu, na inakuja kwa wakati. Sijawahi kupanda usafiri wa uhakika kama siku za mgomo wa Ufaransa.

Kwa kuwa umesema Kifaransa chako ni cha kuanzia, nunua Le Petit Nicolas, Goscinny na michoro ya Sempé. Msimulizi ni mtoto wa shule, sentensi zake anaziunga kwa "halafu" na "halafu" kama watoto wetu, kwa hiyo sarufi haikuui. Kuna Alceste ambaye mkononi hakosi mkate, na Agnan, kipenzi cha mwalimu, ambaye hapigiki kwa sababu anavaa miwani.

Kuhusu bei: usihangaike kuzunguka maduka kutafuta kitabu kipya cha bei nafuu. Tangu sheria ya 1981 bei ya kitabu kipya ni moja nchi nzima, punguzo halizidi asilimia 5. Tafuta vilivyotumika, au jiandikishe maktaba ya jiji ya Part-Dieu, ile yenye mnara. Rafuni utainamisha shingo kushoto, maana jina kwenye mgongo wa kitabu wao wanaliandika kutoka chini kwenda juu. Cha Dadié kilitolewa na Présence Africaine, wana duka lao Paris, rue des Écoles. Ukienda Agosti piga simu kwanza, mwezi ule maduka mengi Paris yanafunga na mwenyewe yuko baharini.