Asidi ya yuriki na mimba

Swali: Nina mimba ya wiki 32. Presha yangu imefika 150/95, mkojo una protini, na maabara imeandika kwamba asidi ya yuriki (taka ya mwili ambayo figo huitoa kwenye mkojo, na ambayo vyakula kama samaki huweza kuiongeza) imepanda. Je, niache kula sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu? (Mama wa Kadutu, Bukavu)

Jibu: Mama, sambaza hawana kosa. Katika hali hii inayotangulia kifafa cha mimba, kondo la nyuma lisilopata damu ya kutosha humwaga katika damu ya mama vitu vinavyoumiza mishipa, na figo hushindwa kuitoa asidi hiyo ipasavyo. Kinachotuhangaisha zaidi ni presha: usikose kupimwa. Ukiumwa kichwa sana, ukiona ukungu, au ukipata maumivu chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.