Kiraka cha moto: usimharakishe fundi pancha

Septemba iliyopita nilitoka Hombolo na matenga mawili ya zabibu, tairi la nyuma la pikipiki likaisha upepo kabla sijafika Ihumwa. Tundu lilikuwa lilelile nililozibiwa jana yake kwa solusheni, chapuchapu, kwa sababu mimi mwenyewe nilimhimiza fundi. Jua na lami ya moto vilikuwa vimekivuta kiraka pembeni kama utando wa maziwa.

Mzee aliyeniokoa alikigusa, akasema: "Mwanangu, hiki kilibandikwa, hakikupikwa."

Neno lile, kupikwa, ndilo nataka ulishike. Mpira wa asili ni utomvu wa mti. Ukiwa mbichi, nyuzi zake ndogo mno zinateleza moja juu ya nyingine: kwenye joto unanata, kwenye baridi kali unakakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiuchanganya na salfa kisha ukautia moto, unabadilika kabisa. Kwenye joto la sentigredi 140 hivi na kuendelea, salfa hujenga vidaraja kati ya zile nyuzi. Ukiuvuta unarudi, na hauyeyuki tena. Ndiyo maana tairi kuukuu huwezi kuliyeyusha kama plastiki, litaungua tu. Salfa inayotakiwa ni kidogo. Ikizidi sana mpira unakuwa mgumu kama pembe.

Basi ukifika kwa fundi, omba kiraka cha mpira mbichi (uliokwisha kuchanganywa na salfa ila haujapikwa) na moto. Hakikisha amekwangua tyubu kwa msasa na kufuta vumbi lote (vumbi letu la Dodoma unalijua). Kiraka kibanwe kwa nguvu muda wote kinapopikwa, na kisifunguliwe kingali cha moto, la sivyo kinafanya vitundutundu ndani kama andazi. Kikipoa, kibonyeze kwa ukucha. Alama ikibaki, hakijaiva, mwambie arudishe. Alama ikipotea, kimeiva. Lakini moto nao usizidi, maana mpira wa asili ukipikwa kupita kiasi unalegea upya, na tyubu inaungua kandokando ya kiraka.

Mzee yule alinikalisha karibu nusu saa. Niliumia kuangalia zabibu zikinyauka kwenye tenga, lakini kiraka chake bado kiko kwenye tyubu ileile, na njia ya Hombolo naipita kila wiki.